Viwakilishi vya Kiima na vya Yambwa: Tahakiki ya Dai Moja la Walimu wa Kiingereza, kwa Mifano ya Shimanzi

1. Utangulizi

Miongoni mwa madai yanayorudiwa mara kwa mara katika ufundishaji wa Kiingereza Afrika ya Mashariki, limo hili: kwamba Mswahili hukosea kuchagua baina ya "I" na "me", "he" na "him", "we" na "us", kwa sababu lugha yake haina tofauti hiyo. "Mimi", husemwa, ni "mimi" tu, awe ametenda au ametendwa. "Yeye" ni "yeye" tu, awe amepiga au amepigwa. Kutokana na dai hili hutolewa hitimisho kwamba mwanafunzi hana budi kupewa orodha ya maumbo ya Kiingereza, aikariri, kisha asahihishwe kila akosapo, kwa kuwa katika lugha yake ya kwanza hakuna kitu cha kumsaidia.

Makala haya yana madhumuni ya kulipima dai hilo. Hoja itakayotetewa ni kwamba dai lenyewe si la kweli. Kwamba tofauti ya kiima na yambwa imo katika Kiswahili, tena imeshikiliwa kwa ukali kuliko ilivyo katika Kiingereza. Na kwamba kosa la walimu ni kulinganisha vitu visivyolingana. Pamoja na hayo, makala yataonyesha mahali ambapo Kiingereza kinatofautisha jambo ambalo sentensi ya Kiswahili huweza kuliacha katika utata, na mahali ambapo Kiswahili cha siku hizi, kwa kuiga mpangilio usio wake, kinaanza kuipoteza hazina yake.

Mifano imetungwa kwa kufuata mazingira ya Shimanzi, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, jirani na bandari ya Kilindini. Shimanzi si mtaa wa makazi ya kale kama Mji wa Kale. Ni mahali pa maghala, matangi ya mafuta, reli na malori. Hapo msemaji wa Kimvita hufanya kazi bega kwa bega na mtu wa bara ambaye Kiswahili chake alijifunzia njiani au kazini, na wote wawili huandikiwa habari zao kwa Kiingereza na karani. Lugha tatu hukutana katika tukio moja, na aghalabu jambo linaloulizwa ni lile lile ambalo sarufi ya kiima na yambwa imekusudiwa kulijibu: nani kamtenda nani?

2. Dai na kosa lake

Na zitazamwe sentensi hizi mbili:

(1) Nilimsukuma.
(2) Alinisukuma.

Hakuna Mswahili, hata mtoto wa miaka minne, anayeweza kuzichanganya. Katika sentensi ya (1) msemaji ndiye aliyesukuma. Katika (2) msemaji ndiye aliyesukumwa. Neno "mimi" halimo wala halihitajiwi. Kazi yote ya kubainisha mtenda na mtendwa imefanywa na viambishi ndani ya kitenzi: "ni-" ya (1) imekaa mwanzoni, kabla ya kiambishi cha wakati, nayo ni kiima, "-ni-" ya (2) imekaa baada ya kiambishi cha wakati na kabla ya mzizi, nayo ni yambwa.

Basi anayetaka kulinganisha Kiswahili na Kiingereza kwa haki hana budi kulinganisha "I" na "ni-" ya mwanzo, na "me" na "-ni-" ya ndani. Walimu hawafanyi hivyo. Wao huchukua "I" wakailinganisha na "mimi", na kwa kuwa "mimi" haibadiliki, wakahitimisha kwamba Kiswahili hakibadiliki. Ni sawa na mtu atafutaye usukani wa jahazi penye omo, asiuone, kisha akasema kwamba jahazi halina usukani.

Kwa hakika kiwakilishi huru, yaani "mimi", "wewe", "yeye" na wenziwe, kina kazi nyingine kabisa. Hutumika kwa kutilia mkazo, kwa kulinganisha mtu na mtu, kwa kujibu swali la neno moja, na kwa kuunganisha kwa "na". Asemaye "Mimi nilimsukuma" hasemi tu kwamba alisukuma. Asema kwamba ni yeye, si mwingine. Asemaye "Alinisukuma mimi" vivyo hivyo. Mkazo waweza kumwangukia mtenda au mtendwa, na ndiyo sababu umbo la mkazo halibadiliki: hesabu ya nani katenda na nani katendwa imekwisha kufungwa ndani ya kitenzi.

Ukiendelea ulinganisho huu hadi nafsi zote, hudhihirika jambo ambalo vitabu vya shule havilitaji. Katika Kiswahili viambishi vya kiima na vya yambwa vimepangwa hivi:

(3) Nafsi ya kwanza umoja: ni-, -ni-.
    Nafsi ya pili umoja: u-, -ku-.
    Nafsi ya tatu umoja: a-, -m-.
    Nafsi ya kwanza wingi: tu-, -tu-.
    Nafsi ya pili wingi: m-, -wa-.
    Nafsi ya tatu wingi: wa-, -wa-.

Kwa Kiingereza, tofauti ya umbo imo katika "I" na "me", "he" na "him", "she" na "her", "we" na "us", "they" na "them". Haimo katika "you" wala katika "it". Sasa na zitazamwe orodha mbili kwa pamoja. Nafsi ya pili, ambayo Kiingereza kimeiacha na umbo moja tu, ndiyo ambayo Kiswahili kinaibainisha kwa maumbo mawili tofauti: "ulimwona" na "alikuona". Nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu wingi, ambazo Kiingereza kinazibainisha kwa umbo, Kiswahili kinazibainisha kwa mahali: "tuliwaona" na "walituona" zina viambishi vile vile, ila vimebadilishana nafasi. Katika nafsi ya tatu umoja lugha zote mbili zina maumbo mawili. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba lugha moja ina tofauti na nyingine haina. Zote zinayo, na kila moja imeiweka mahali pake.

Ni kweli pia kwamba Kiswahili kina mahali palipo na udhaifu. "Nimewaona" yaweza kuwa ni nyinyi, yaweza kuwa ni wao. Lakini wasemaji wenyewe wamekwisha kuliona tatizo hilo na wamelitafutia dawa: husema "nimewaoneni" au "nimekuoneni", na kiambishi "-ni" cha mwisho huondoa shaka. Lugha ijuayo kuziba ufa wake yenyewe haiwezi kuambiwa kwamba haitambui tofauti ya mtenda na mtendwa.

3. Asili ya kosa

Yafaa kuuliza dai hili limetoka wapi. Sarufi za mwanzo za Kiswahili katika zama za uchapishaji ziliandikwa na wageni kwa ajili ya wageni. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wake wa sarufi huko Tübingen mwaka 1850, akiegemea zaidi Kiswahili cha Mombasa. Edward Steere alitoa kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Hawa walikuwa watu wenye bidii kubwa, na hakuna anayeweza kuidharau kazi yao. Lakini msomaji waliyemkusudia alikuwa Mzungu aliyelelewa katika sarufi ya Kilatini, na swali la kwanza la msomaji huyo lilikuwa: neno gani la Kiswahili ni sawa na neno langu hili? Swali la namna hiyo hulitanguliza neno zima mbele ya kiambishi. Jibu la "I" likawa "mimi", na jibu hilo limekaa katika vichwa vya watu hata leo.

Mgogoro wa lahaja hauhusiki hapa. Mkutano wa mwaka 1928, ambao ulifanyika papa hapa Mombasa, ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita, na uamuzi huo umelalamikiwa na wengi kwa sababu zinazoeleweka. Hata hivyo mpango wa viambishi vya kiima na vya yambwa, kwa jumla yake, ni mmoja katika lahaja hizo mbili. Mtoto wa Mvita na mtoto wa Unguja wote huingia darasani la Kiingereza na hazina ile ile, na wote wawili huambiwa kwamba mikono yao ni mitupu.

Upande wa Kiingereza nao una historia yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na miishio iliyobainisha kiima na yambwa hata katika nomino. Miishio hiyo ilikufa, kazi yake ikachukuliwa na mpangilio wa maneno, na viwakilishi vikabaki kama masalio. Hata miongoni mwa masalio hayo, kifo kimeendelea. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 bado ilitenganisha "ye" ya kiima na "you" ya yambwa, ilhali katika usemi wa watu tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kulegea. Waingereza waliipoteza "ye" na hawakupotea njia.

Wakati masalio hayo yakizidi kulegea, wakatokea wanasarufi waliotaka kuyakaza. Robert Lowth, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 1762, alitaka kiwakilishi kinachofuata "than" kiwe cha kiima au cha yambwa kulingana na kitenzi kilichofichika. Kanuni ya kwamba sharti isemwe "It is I", wala si "It is me", ilijengwa juu ya mfano wa Kilatini. Lakini tangu karne hiyo hiyo ya 18, Joseph Priestley alitilia shaka kanuni hii, akionyesha kwamba mazoea ya wasemaji na ya baadhi ya waandishi bora yanakwenda kinyume chake. Na mwaka 1894 Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alieleza kwa urefu jinsi maumbo ya viwakilishi vya Kiingereza yalivyokuwa yakibadilishana nafasi, bila ya kuyahesabu mabadiliko hayo kuwa ni uharibifu.

Faida ya historia hii kwa mwalimu wa Mombasa ni kubwa. Inamwonyesha kwamba katika Kiingereza cha kawaida "me" imekwisha kuwa zaidi ya yambwa. Ukigonga mlango ukaulizwa ni nani, jibu la kawaida ni "Me". Akisema mtu kwamba amechoka, mwenziwe hujibu "Me too". Hapo "me" si yambwa ya kitenzi chochote. Ni umbo la kusimama peke yake, kama "moi" ya Kifaransa. Kwa maneno mengine, "me" ya Kiingereza imekwisha kuikaribia "mimi" ya Kiswahili kuliko "I" inavyoikaribia.

4. "Me I saw him"

Kutokana na hayo, yafaa kulitazama upya kosa moja linalojulikana sana katika Kiingereza cha Afrika ya Mashariki. Utingo wa lori aulizwapo na karani wa ghala kuhusu gunia lililoanguka, huweza kujibu:

(4) Me I saw him.

Mwalimu hukasirika. Asema kwamba mwanafunzi hajui kuchagua baina ya "I" na "me", basi ametia zote mbili akitumaini kwamba moja itakuwa sahihi. Uchambuzi huu ni wa kijuujuu. Utingo huyu ametafsiri sentensi ya Kiswahili ifuatayo:

(5) Mimi nilimwona.

Katika kuitafsiri amefanya maamuzi matatu. "Mimi", kiwakilishi huru cha mkazo, amekipa "me". Kiambishi kiima "ni-" amekipa "I". Kiambishi yambwa "-mw-" amekipa "him". Hakukosea hata kimoja. Hakusema "I me saw him", wala "Me I saw he". Amelinganisha mkazo na mkazo, kiima na kiima, yambwa na yambwa. Kosa lake, ikiwa litaitwa kosa, si la kuchagua umbo la kiwakilishi. Ni la kutumia mtindo wa mkazo ambao Kiingereza sanifu huutia alama ya mkato, huutumia kwa nadra na hukiona kuwa ni cha mazungumzo tu. Mfaransa asemaye "Moi, je l'ai vu" amefanya vivyo hivyo katika lugha yake na hakuna amwambiaye kwamba hajui sarufi.

Huu ndio ushahidi ulio wazi kupita wote dhidi ya dai linalohakikiwa. Kama kweli Mswahili asingekuwa na tofauti ya kiima na yambwa akilini mwake, sentensi ya (4) isingetoka kwa utaratibu jinsi inavyotoka. Mwalimu anayemfuta "me" kwa wino mwekundu bila ya maelezo humfundisha mwanafunzi jambo moja tu: kwamba "me" ni neno la hatari. Naye, kwa kuiogopa, huanza kuikimbia hata mahali inapotakiwa. Hapo ndipo zinapozaliwa sentensi kama hizi:

(6) The foreman called Juma and I.
(7) Between you and I.

Makosa haya hayatokani na Kiswahili, kwa kuwa Waingereza wenyewe wanayo, tena waliosoma. Ni makosa ya hofu. Mtoto aliyekemewa kwa kusema "Juma and me went" huhitimisha kwamba "and me" ni mbaya popote, akaibadilisha kila aionapo.

Dawa ya sentensi ya (6) kwa Mswahili ni nyepesi, nayo imo katika lugha yake. Na aulizwe angesemaje kwa Kiswahili. Atasema: "Msimamizi alituita mimi na Juma." Kiambishi "-tu-" kimekaa ndani, mahali pa yambwa, hivyo Kiingereza kinataka "us", na mahali pa "us" mtu mmojammoja ni "me". Akitaka kusema "Mimi na Juma tulikwenda", kiambishi "tu-" kimekaa mwanzoni. Kiingereza kinataka "we", na mtu mmojammoja ni "I". Kitenzi cha Kiswahili kimekuwa mizani ya kiwakilishi cha Kiingereza.

Mizani hii, hata hivyo, ina mpaka wake, na haifai kuficha. Sentensi ya (7) haina kitenzi cha kupimia. Kiswahili hapo hutumia umilikishi: "kati yangu na wewe". Ndivyo ilivyo kwa "mbele yangu", "juu yake", "kwa ajili yetu", na ndivyo ilivyo pia kwa "nami" na "naye", ambapo kiwakilishi kimeshikana na "na". Kwa sehemu hii mwalimu hana budi kutoa kanuni ya pili: palipo na "yangu", "kwangu" au "nami" yenye maana ya pamoja, Kiingereza huchukua kihusishi na "me". Kanuni mbili tu, zote zikianzia katika kitu anachokijua mwanafunzi, zafaa kuliko orodha ndefu asiyojua inakotoka.

5. Mahali ambapo Kiswahili huacha utata

Tahakiki isiyokuwa na haki kwa pande zote mbili huwa ni utetezi. Pako mahali ambapo tofauti ya umbo katika Kiingereza hubeba maana ambayo sentensi fupi ya Kiswahili haiibebi. Mfano wa kwanza ni wa kulinganisha:

(8) Msimamizi anamwamini karani kuliko mimi.

Sentensi hii ina maana mbili. Ya kwanza: msimamizi anamwamini karani zaidi ya ninavyomwamini mimi. Ya pili: msimamizi anamwamini karani zaidi ya anavyoniamini mimi. "Mimi" ya mwisho, kwa kuwa ni kiwakilishi huru, haisemi kama ni mtenda au mtendwa, na kitenzi cha kuitolea hesabu hakipo. Kwa kanuni ya Lowth, Kiingereza kingesema "than I" kwa maana ya kwanza na "than me" kwa ya pili. Lakini Waingereza wengi wa leo husema "than me" kwa maana zote mbili. Na anayetaka kuepuka utata huongeza kitenzi, "than I do". Mswahili naye hufanya hivyo hivyo: "kuliko nimwaminivyo mimi" au "kuliko aniaminivyo mimi". Lugha zote mbili, zikibanwa, hukimbilia kwenye kitenzi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu urejeshi, yaani eneo la "who" na "whom":

(9) Kuli aliyemsukuma msimamizi ameondoka.

Nani alisukuma? Wengi watajibu haraka kwamba ni kuli. Lakini katika urejeshi wa yambwa, Kiswahili hukiweka kiima baada ya kitenzi, kama katika "kitabu alichokisoma Juma", ambapo aliyesoma ni Juma. Kwa kanuni hiyo hiyo, sentensi ya (9) yaweza kuwa na maana kwamba msimamizi ndiye aliyesukuma na kuli ndiye aliyesukumwa. Kiambishi "a-" chaweza kuwa cha yeyote kati yao, na "-m-" vilevile, kwa kuwa wote wawili ni wa nafsi ya tatu umoja. Utata huu huondoka pindi idadi inapotofautiana: "kuli waliyemsukuma wasimamizi" haina shaka. Huondoka pia kwa "ambaye": "kuli ambaye msimamizi alimsukuma", na kwa kauli ya kutendwa: "kuli aliyesukumwa na msimamizi".

Kiingereza hakina utata huu. "The labourer who pushed the foreman" na "the labourer whom the foreman pushed" ni sentensi mbili zisizokaribiana, na hata "whom" ikiachwa kama watu wengi wafanyavyo leo, mpangilio wa maneno hutosha. Maana yake ni kwamba anayeitafsiri sentensi ya (9) kwa Kiingereza halazimiki kuchagua neno tu. Analazimika kuchagua mkosaji. Kiswahili kilimruhusu msemaji asitamke. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri kutamka kwa niaba yake.

Hili si suala la darasani peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Kenya ya utaratibu wa mashauri ya jinai huitaja lugha ya Mahakama Kuu kuwa ni Kiingereza, na ya mahakama za chini kuwa ni Kiingereza au Kiswahili. Habari iliyosemwa kwa Kiswahili ghalani huweza kuandikwa kwa Kiingereza ofisini, na ikifika mbele zaidi, karatasi ya Kiingereza ndiyo inayosomwa. Kuli aliyesukumwa akaandikwa kuwa alisukuma, huweza kupoteza kazi kwa sababu ya kiambishi kimoja.

6. "Alisukuma yeye"

Limebaki suala la tatu, ambalo ni matokeo ya dai lile lile likitazamwa kwa upande wa pili. Ikiwa watu watafundishwa kwamba "mimi" ni "I" na vilevile ni "me", na kwamba "yeye" ni "he" na "him", hatua inayofuata ni kukiandika Kiswahili kwa mpangilio wa Kiingereza: kiima, kitenzi, kiwakilishi huru. Matokeo yake ni sentensi zisikikazo sana katika Kiswahili cha bara, kama vile "Niliona yeye" na "Alipiga mimi". Kiswahili cha masetla wa kikoloni, ambacho kilitungiwa hata vitabu, kama kile cha F. H. Le Breton kilichotoka mwaka 1936, kilivipunguza viambishi namna hiyo kwa kusudi la wepesi. Si haki kusema kwamba Kiingereza ndicho sababu pekee. Watu wanaokutana kazini bila ya lugha moja hupunguza viambishi popote duniani. Lakini darasa linalowaambia watoto kwamba "yeye" ni "him" huipa njia hiyo baraka ya shule.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba maana haipotei, ila uzuri tu. Madai hayo hayawezi kukubalika. Na ichukuliwe kwamba kuli wa bara anaulizwa, "Juma alifanya nini?" Naye, akimwelekezea kidole utingo, anajibu:

(10) Alisukuma yeye.

Kusudi lake ni kusema: Juma alimsukuma huyu. Lakini kwa sikio la Mswahili wa Mvita, "yeye" inayofuata kitenzi kisichokuwa na kiambishi yambwa ni mkazo wa kiima. "Alisukuma yeye" maana yake ni "huyu ndiye aliyesukuma". Msemaji amemtaja mtendwa. Msikilizaji amemsikia mtenda. Wote wawili wanasema Kiswahili, wote wawili wanaamini kwamba wameelewana, na hatia imehama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine bila ya yeyote kusema uwongo. Kama msemaji angesema "Alimsukuma", au "Alimsukuma yeye", shaka isingekuwapo.

Kiambishi yambwa, basi, si pambo la washairi wala anasa ya wasemaji wa pwani. Ni chombo cha kazi, na penye watu wa asili mbalimbali ndipo kinapohitajiwa zaidi. Kukiacha kwa ajili ya wepesi ni kuokoa silabi moja na kupoteza ushahidi mzima.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba dai la kuwa Kiswahili hakitofautishi kiima na yambwa limejengwa juu ya ulinganisho wa "I" na "mimi", na kwamba ulinganisho ulio sahihi ni wa "I" na "ni-", "me" na "-ni-". Imeonyeshwa pia kwamba sentensi ya "Me I saw him", inayochekwa, ni ushahidi wa tofauti hiyo, si wa ukosefu wake. Na kwamba "Juma and I" mahali pa yambwa ni zao la kukemewa, si la lugha ya nyumbani.

Kwa ajili hiyo yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, kabla ya kufundishwa "I" na "me", mwanafunzi aonyeshwe "ni-" na "-ni-" katika vitenzi vyake mwenyewe, kisha apewe kanuni ya pili kwa ajili ya "kwangu" na "yangu". Pili, wanaofunzwa ufasiri na uandishi wa taarifa wafundishwe kuutambua utata wa sentensi kama ya (8) na ya (9), na wafunzwe kumwuliza msemaji badala ya kumwamulia, swali la "Alisukuma au alisukumwa?" huchukua muda mchache na huweza kumwokoa mtu. Tatu, katika somo la Kiswahili lenyewe, kiambishi yambwa kifundishwe kwa maana yake, si kwa kuambiwa tu kwamba "Niliona yeye" ni vibaya. Mwanafunzi aelezwe kwamba "Alisukuma yeye" na "Alimsukuma yeye" ni habari mbili tofauti.

Mwalimu anayeyafanya hayo atagundua kwamba hafundishi masomo mawili yanayogombana. Mwanafunzi aijuaye vyema kazi ya kiambishi katika kitenzi cha Kiswahili amekwisha kujifunza nusu ya sarufi ya viwakilishi vya Kiingereza. Naye asiyeijua, atakosea katika lugha zote mbili.